Waya wa Mlango wa Dereva

Zamani mwenye gari akifika gereji alizima injini, akaeleza ugonjwa kwa mdomo wake, na fundi akainama kusikiliza. Siku hizi gari linajieleza lenyewe kwenye kioo, kwa lugha ambayo fundi hakufundishwa, na mwenye gari amesimama pembeni anachezea simu.

Kasimiri alikuwa fundi wa wakati ule wa kwanza. Alitoka Ndanda akiwa kijana ambaye ndevu hazijamwota, akaingia Dar es Salaam juu ya shehena ya korosho, utingo wa lori, na ufundi hakufundishwa na mtu. Aliokota kitabu cha injini za dizeli kilichotupwa misheni, cha Kiingereza kitupu, akakisoma na kamusi mapajani mpaka kurasa zikaachana na jalada. Asichokielewa kitabuni alikielewa kwenye chuma. Mwishowe akapata uwanja wake Temeke, upande wa Yombo, wenye paa la mabati na shimo la kuingilia chini ya gari, na watu wakamfuata hata kutoka Kinondoni huko.

Mali yake ilikuwa sikio. Alimwambia mteja awashe, azime, awashe tena, naye akaweka kiganja juu ya boneti kama mama anayempima mtoto homa, halafu akataja kinachouma. Hakukosea mara nyingi. Na fundi wa namna ile hakuwa mtu wa kulipwa akaachwa mlangoni. Alikuwa mtu wa nyumbani. Gibson, Mnyakyusa aliyekuwa karani bandarini, alinunua Peugeot 504 iliyochoka, Kasimiri akaifufua, na tangu hapo hapakuwa na ubatizo wala msiba katika nyumba ile uliokwenda bila yeye. Mama yake Gibson alipofariki, Kasimiri ndiye aliyeendesha hadi Tukuyu, na mpira wa feni ulipokatika kwenye mlima wa Kitonga alifunga mahali pake mkanda wa suruali yake mwenyewe, safari ikaendelea, akazika naye, akalia naye, akarudi naye. Gibson alipokuwa anakata roho alimshika mwanawe mkono akamwambia, huyu ni baba yako mdogo, gari lako lisiguswe na mtu mwingine.

Lakini neno la marehemu halina nguvu tena mjini. Brightson, mtoto huyo wa Gibson, alisoma, akapata kazi benki, akaoa mwalimu, akahamia Mbweni, na mwaka juzi akanunua gari la umeme. Halikuwa na injini. Lilikuwa jeupe kama yai, vitasa vya milango vimezama ndani ya bodi, na usukani wake ulikuwa na vitufe vingi kuliko filimbi ya bendi. Likiugua linapelekwa kwa kampuni iliyoliuza, ambako vijana wenye mashati safi wanalichomeka waya, wanasoma, wanalirudisha. Kwa Kasimiri lilifika mara moja tu, kuonyeshwa.

"Baba, hili mie silishughulikii kabisa," Brightson alimwambia siku hiyo. "Nikifika nafungua mlango, nashuka, lenyewe linajifunga breki. Sijui hata kitufe chake kinabonyezwaje."

Kasimiri alimjibu kwamba gari lisilomhitaji dereva siku moja litamwacha barabarani. Brightson akacheka, akashuka kumuaga vizuri, na mlango ulipofunguka mzee akasikia nyuma, kwenye magurudumu, sauti ndogo, mrrr, kama paka anayejikunja kulala. Hiyo ilikuwa breki inajifunga. Hakumwambia mtu kwamba ameisikia. Aliiweka tu moyoni, kama alivyoweka sauti zote.

Halafu, Ijumaa moja mwaka huu, Brightson akaingia uwanjani gari linalia.

Lilikuwa limeshika imani kwamba mlango wa dereva uko wazi. Ukifungwa, linalia. Ukibamizwa, linalia. Kampuni ilikwishasema kitasa kizima kibadilishwe, na kitasa chenyewe kiagizwe ng'ambo, kwa hiyo wasubiri. Na wao kesho yake walikuwa na safari ya Kimbiji kuanza msingi wa nyumba katika kiwanja walichoachiwa na Gibson. Tupokigwe, mke wa Brightson, alikuwa kiti cha mbele ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nyuma, binti yao Lulu, aliyekuwa bado hajaanza shule, ameziba masikio, anacheka.

Kasimiri alijisikia kama mtu aliyefuatwa kuombwa radhi. Alifuta mikono polepole kuliko ilivyohitajika. Akauliza kwani wale wenye mashati safi wameshindwa? Brightson akainamisha uso, akasema wameshindwa, baba. Mzee akaridhika, akachukua bisibisi.

Kazi yenyewe aliijua tangu ujana. Kila gari aliloligusa maishani lilikuwa na kidude mlangoni cha kusema uko wazi au umefungwa, na kikifa, fundi wa mji huu hakibadilishi. Anaunga nyaya zake mbili, gari linaamini mlango umefungwa milele, na mwenye gari anaendelea na maisha. Ndivyo magari yalivyodumu hapa. Taa inayosumbua ilinyamazishwa. Kinachodhibiti joto la injini kiling'olewa kikatupwa, maana nchi yenyewe ni ya joto. Brightson mwenyewe, pamoja na benki yake, alikuwa amechomeka mkanda wa kiti kwenye kifungo chake kisha akaukalia, ili gari lisimdai kila dakika kwamba afunge mkanda. Kasimiri aliuona mkanda ule, akautazama kama anavyotazama kila siku mikanda mingine ya namna ile, akaendelea.

Akafungua ubao wa mlango, akafuata nyaya kwa vidole, akazikata mbili, akaziunga, akazungushia utepe. Kelele ikakatika. Pale uwanjani ikasikika sauti ya mtu anayechota maji nyumba ya pili.

"Asante, baba," Tupokigwe alisema, na machozi yalikuwa yakimlengalenga kwa uchovu. "Mungu akuzidishie."

Brightson akashuka kumshika mkono. Mlango ukafunguka, mlango ukafungwa, gari likanyamaza kimya. Kimya kile Kasimiri alikifurahia. Aliona amelifundisha adabu. Brightson akamwambia, kwa sauti ya chini, aje naye kesho Kimbiji, jiwe la kwanza la msingi aliweke yeye kwa niaba ya marehemu.

Neno hilo Kasimiri alikuwa amelingoja tangu siku waliyohamia Mbweni. Lakini kwa kuwa lilikuja baada ya kazi, mkononi mwake bado kuna bisibisi, akaliona kama ujira. Akasema ana kazi. Akaongeza kwamba kama ni jiwe, wale wenu wa kampuni waliweke. Brightson akasema haya, baba, kama utabadili mawazo sisi tupo huko. Wakaondoka.

Jumamosi asubuhi Kasimiri alikuwa na furaha ambayo ilikuwa haijamtembelea muda mrefu. Alimngojea Zuena. Zuena alikuwa mwanamke wa Mtwara, fundi wa umeme wa magari aliyepanga nusu ya uwanja ule na kupima magari kwa kompyuta. Walikuwa wakitaniana kutwa. Mzee aliiita kompyuta ile televisheni, akimwuliza leo kuna tamthilia gani. Zuena naye aliliita sikio la mzee redio ya mbao. Siku hiyo mzee alimpa hadithi yote akiwa amesimama, jinsi kampuni ilivyoshindwa, jinsi yeye alivyomaliza kabla chai haijapoa.

Zuena alicheka, akasema umewapiga bao, mzee. Halafu akauliza ni waya upi hasa. Mzee akamwambia. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mlango wa dereva?"

"Wa dereva."

Zuena akavuta kiti, akamwomba akae. Kasimiri hakukaa.

"Mzee, gari la zamani mlango ulikuwa na waya wake na taa yake. Wanaongea wao wawili, yameisha. Haya mapya hayapo hivyo. Humu kila kifaa kinatoa huduma yake, na kingine kikiihitaji kinaiomba, vyote vinapitia kwenye programu. Mlango hausemi na taa. Mlango unatangaza, kama gari la matangazo linalopita mtaani. Anayehusika anasikia, anafanya lake. Taa inasikia. King'ora kinasikia. Na breki inasikia."

"Breki ina udugu gani na mlango?"

"Mlango ukisema nimefunguliwa, au mkanda ukisema nimefunguliwa, breki inajua dereva anashuka. Inajifunga. Sasa wewe umeufundisha mlango kusema nimefungwa siku zote. Umebaki mkanda tu."

Kasimiri akasema breki ni breki, inafungwa na mtu. Alisema kwa ukali. Zuena hakushindana naye. Akamwuliza tu kama huyo mtu wake huwa anaifunga.

Hapo Kasimiri akaukumbuka ule mkanda uliokaliwa, na kile kimya cha jana kikamrudia masikioni. Brightson ameshuka. Mlango umefunguka. Na kule nyuma, kwenye magurudumu, hakuna kitu. Ile mrrr haikuwepo. Yeye, aliyekula maisha yake yote kwa kusikiliza, alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale, akalisikia pengo lile, akalifurahia.

"Huenda kiti nacho kinajua kama mtu amenyanyuka," Zuena alisema. "Huenda likajishikilia kidogo, likaachia. Gari lile silijui, mzee. Sitakudanganya. Ila mie nisingempandisha mwanangu."

Kasimiri akapiga simu ya Brightson. Haipatikani. Akapiga ya Tupokigwe. Iliita, ikakatika, halafu nayo haipatikani. Kimbiji mtandao unakwenda na kurudi. Zuena akasema aendelee kupiga yeye, mzee aende. Kasimiri alikwishatoka nje anamwita Fransis, bodaboda aliyekuwa akiegesha mbele ya uwanja, na mkononi ana koleo na bisibisi, hakuchukua hata kofia.

Kile kiwanja alikijua. Alikwenda na Gibson kukipima, enzi ambazo barabara ilikuwa njia ya ng'ombe. Kiko kwenye mteremko. Barabara inapita juu, ukiingia unashuka, na chini kabisa ndipo panapotulia, ambapo Gibson alisema nyumba itakaa. Leo chini pale kutakuwa na mafundi ndani ya mtaro wa msingi, na wanawake wa jirani na masufuria, na watoto wao. Mtu akiingia na gari, atasimama kwenye mteremko tu, hakuna pengine. Na atafungua mlango, atashuka.

Walivuka daraja la Kigamboni, wakaingia Kibada. Fransis alikuwa mwongeaji, akauliza kama kuna msiba. Kasimiri akamwambia hakuna bado. Fransis akakaza moto. Baada ya Mwasonga njia ikawa mashimo na mchanga, pikipiki ikawa inayumba, na mzee aliyekuwa na kiuno kibovu akawa ananyanyuka kwenye kiti akishuka kama mzigo, halalamiki. Alipiga simu kwa mkono mmoja. Haipatikani. Alijaribu kujidanganya kwamba wameshafika zamani, wameshashuka, hakikutokea kitu, na sasa wanakula wali. Halafu akajiambia kwamba kama wameshafika, basi lililokuwa litokee limekwishatokea.

Walikuwa hawajafika. Walichelewa Kibada wakinunua misumari na soda za mafundi, na Kasimiri alilikuta gari jeupe mbele yake, kwenye kona ya mwisho, linakata kuingia kiwanjani. Fransis akapiga honi mfululizo. Gari likashuka kidogo kwenye mteremko, likasimama, pua imeelekea chini.

"Usishuke," Kasimiri alisema, ingawa hakuna aliyeweza kumsikia kutoka pale, akapunga mkono wenye koleo, akimwashiria akae.

Brightson alimwona kwenye kioo. Alichokiona ni mzee aliyekataa jana na leo amekuja, juu ya pikipiki, vumbi tupu, anapunga mkono. Na mtoto aliyelelewa na Gibson hamwamkii baba yake akiwa amekaa kwenye gari. Alifungua mlango, akashuka mbio mbio, akauacha wazi. Mkewe naye, aliyefundishwa kwao hivyo hivyo, akashuka upande wa pili, akajivuta khanga kiunoni, ili akamwamkie kwa magoti.

"Shikamoo, baba. Kumbe umekuja."

Gari lilikuwa limesimama. Likakaa hivyo, limetulia kabisa, hata Kasimiri akadhani Zuena amemtisha bure. Fransis akasimamisha pikipiki. Brightson alikuwa anapanda kumfuata, uso umefunguka kwa furaha, mikono miwili mbele. Nyuma ya bega lake, ndani ya kioo, Kasimiri akaona kichwa cha Lulu kimelalia dirisha, amesinzia.

Kisha magurudumu yakaanza kuzunguka, polepole, bila sauti, kwa kuwa gari lile halikuwa na sauti.

Kasimiri hakuitikia salamu. Alimsukuma kijana kifuani, akampita, akakimbia kuteremka na kiuno chake kile, akidondosha koleo, akidondosha bisibisi. Chini mtu akainua kichwa kwenye mtaro. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, unapepea. Aliudaka, mguu mmoja ukateleza, akajitupa ndani kichwa kwanza, tumbo juu ya kiti, miguu inaburuzwa nje, mikono chini gizani inatafuta. Vidole vyake havikujua chochote kuhusu kompyuta, lakini kanyagio la breki ni kanyagio la breki. Alilikandamiza kwa viganja vyote viwili, kwa uzito wa mwili mzima. Gari likainama, likachota mchanga. Mlango ukagonga rundo la matofali, ukarudi ukambana mguu chini ya goti, akasikia mfupa unaongea.

Hakuachia. Alibaki hivyo, uso kwenye zulia la gari, hadi Brightson alipofika, akapapasa vitufe, akabonyeza hiki, akabonyeza kile. Ndipo nyuma ikasikika mrrr.

Mtaro wa msingi ulikuwa mbele ya bampa, karibu kiasi kwamba fundi aliyekuwa ndani yake aliweza kuligusa kwa mkono. Wanawake walikuwa wamesimama na masufuria yao. Lulu aliamka, akauliza kama wamefika.

Tupokigwe alimchukua mtoto, akaenda naye mbali, akakaa chini, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Wengine wakamtoa mzee, wakamfunga mguu kwa vipande vya mbao za msingi. Kila mtu alikuwa anamsifu. Walidhani wameona muujiza wa mzee kumwokoa mjukuu. Angeweza kuuacha ukae hivyo; Brightson mwenyewe alikuwa amemshika mkono, machozi yanamtiririka, anasema Mungu ndiye aliyekuleta, baba, Mungu ndiye.

Kasimiri akamweleza. Alimweleza kila kitu, mlango, mkanda, breki, na sauti ambayo hakuisikia jana. Akasema gari alipeleke kwa Zuena, au kwa kampuni, zile nyaya zirudishwe zilivyokuwa, na asiliendeshe tena kabla ya hapo.

Brightson akauachia ule mkono taratibu, kama mtu anayeweka chini kikombe kilichojaa.

"Kwa hiyo jana ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui."

"Na ulituambia unajua."

Kasimiri alijua kwamba katika ule wakati wa kwanza fundi akikosea mteja wake alimtukana mpaka mama yake, wakanuniana mwezi mzima, halafu mmoja akafiwa na mwingine akaja na gunia la mkaa, yakaisha. Alikuwa tayari kwa matusi. Alikuwa anayangoja. Brightson hakumtukana. Alimshukuru kwa kumwokoa mtoto, kwa maneno mazuri ya benki, akapanda hadi barabarani kutafuta mtandao, akampigia simu mtu wa kampuni, akamwita "ndugu", akaomba lori la kubebea magari.

Msingi haukuchimbwa zaidi siku hiyo. Mafundi walikunywa soda zao kivulini. Wanawake walimpa mzee wali kwenye sahani, akaula kwa sababu kuurudisha kungekuwa tusi. Hakuna aliyesema habari za jiwe. Fransis alisema wamwahishe hospitali Kigamboni, mguu unavimba, lakini Kasimiri akakataa kupanda pikipiki kabla lori halijafika, akitoa sababu hii na ile. Alitaka kuona watakavyoondoka. Labda, wakati wa kuondoka, Tupokigwe angekuja.

Lori likaja jioni jioni, likalipandisha gari mgongoni. Brightson alipanda mbele karibu na dereva, Tupokigwe akampa mtoto, akapanda naye. Kabla ya kufunga mlango alimtazama mzee aliyekaa juu ya matofali, midomo ikamchezacheza, kisha akainama kumpangia Lulu miguu. Lori likatoka barabarani likielekea Mwasonga, gari jeupe juu yake limefungwa kwa minyororo.

Kwenye kona likasimama. Kasimiri akanyanyuka. Alimshika Fransis bega, akaanza kwenda, mguu unaburuzika mchangani, akijipangusa suruali vumbi kwa mkono wa pili ili asifike mbele yao mchafu. Alikuwa ameshapita mwembe wa jirani alipoona mbuzi wa watu wakimaliza kuvuka barabara, mmoja mmoja, na yule wa mwisho amesimama katikati anatafuna. Dereva akapiga honi. Mbuzi akasogea. Lori likaondoka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.